Unarudi Lini, Kocha?

Kwa miaka kumi nilifua jezi za timu ya kiwanda cha pamba, na hakuna aliyeniajiri. Kocha alikuwa mume wangu, na kwa wanaume wa Nyahanga mke wa kocha ni karai. Jezi zililetwa Jumapili jioni zimefungwa kwenye shuka kuukuu, zinanuka jasho na udongo, na Jumatatu nzima mimi nimeinama. Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni haikuonekana dukani hata ya kumwogeshea mtoto, nikawa nafulia majani ya mpapai. Majani ya mpapai yanatoa uchafu vizuri, ila yanakula ngozi ya vidole. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani habari hii niliisikia redioni.

Nilichokitaka mimi kilikuwa nyumba, wala sioni haya kusema. Ilikuwa nyumba ya kiwanda, ya bati, sakafu ya saruji, vyumba viwili na jiko la nje. Tulipewa tulipooana, tukazalia humo watoto wanne, na humo tungeweza kutolewa siku yoyote kwa neno la mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Bwana Stanslaus, meneja wa kiwanda. Si mtu wa kwetu, alitoka huko kwenye migomba na baridi, na mpira aliupenda kama watu wengine wanavyopenda siasa. Mwanzo wa msimu alikuja mpaka barazani kwetu, akasimama, kiti akakikataa.

"Kocha," alisema, "timu ikipanda daraja mwaka huu, nyumba hii ni yako kwa muda wote utakaofundisha. Isipopanda, nami nina wakubwa wangu."

Marselino akajibu, "Itapanda." Alipoondoka yule bwana, mume wangu alikaa kizingitini akatumbukiza goti kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, kama kila jioni, akaniambia, "Salvina, nimechoka mpaka mifupa." Alikuwa na miaka arobaini tu.

Marselino alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma, Msumbiji, kwa Wamakonde wa Mueda. Wareno walipoanza kumwaga damu za watu alivuka mto, kijana mwenye chale usoni na hana viatu. Akachezea timu ya mashamba ya mkonge Lindi, kisha Dar es Salaam, na mwaka wa sitini na tisa kiwanda chetu kikamleta huku, kwa treni hadi Isaka, na kutoka Isaka juu ya lori la magunia matupu. Alikuwa winga wa kulia. Nyie mnaojua mpira wa sasa hamkuona kitu. Akiupata mpira pembeni, uwanja mzima ulisimama, na mimi nilisimama nao nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Nilimpendea mbio. Mama yangu alinionya kwamba mwanamume mwenye mbio atakimbia hata kwake, na kwa miaka yote ile ndilo jambo pekee alilokosea mama.

Goti lilivunjika mwaka wa sabini na tatu. Kiwanda hakikujua kimfanye nini, kikamfanya kocha.

Ukocha ule haukuwa kazi, ulikuwa kuchunga upepo. Msimu wa kulima wachezaji wako shambani. Msimu wa pamba wako kwenye mizani. Akitokea mmoja mwenye kipaji, anasikia dhahabu imeonekana Geita, anatoweka. Kamili, mshambuliaji wetu, alitoweka hivyo katikati ya msimu ule. Marselino alidandia lori mpaka Runzewe, kutoka Runzewe akasonga kwa mguu na kwa kuomba lifti mpaka Nyarugusu, na goti lake lile. Alimkuta Kamili ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao, mweupe kwa vumbi kama aliyeangukia unga.

"Kocha, niache," Kamili alimwambia kutoka chini. "Huku nikipata, nimepata. Kule nikifunga goli napata makofi."

"Makofi hayajawahi kumfukia mtu," Marselino akamjibu, akakaa pale mdomoni mwa shimo. Hakubembeleza wala hakutisha. Alikaa tu mpaka yule kijana akaona haya ya kuchimba huku mtu mzima anamngoja juani, akapanda. Marselino ndivyo alivyofundisha hata mpira. Alikuchosha kwa kukungoja.

Basi kwa jasho lote hilo, watu wa Nyahanga walikuwa na swali moja tu kwake. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka wa sabini na tano walikuja kumpongeza, na kila mmoja, baada ya pongezi, akauliza, "Sasa unarudi lini, Kocha?" Waliuliza kwa upendo, na hilo ndilo lililochosha zaidi. Kisimani waliniuliza mimi. Kanisani walimuuliza mwanangu Gregory. Miaka minane baadaye bado walikuwa wanauliza, na Marselino bado alikuwa anatabasamu na kusema, "Bado bado kidogo." Usiku hakulala.

Sungusungu ilipoanza huku kwetu, wezi wa ng'ombe walikuwa wametuvua nguo. Wanaume wa kila kijiji wakajikusanya kwa pinde na mishale, wakachagua viongozi, wakaweka sheria. Sheria kubwa ilikuwa mwano, yaani ukelele wa hatari. Mwano ukipigwa, mwanamume anaacha alichoshika, hata kama ni mwiko au maiti, anakimbia sauti inakotoka. Asiyekimbia anatengwa na nyumba yake yote. Hakuna atakayemsalimu, wala kumpa moto, wala kumuuzia chumvi, na akifiwa atachimba kaburi mwenyewe.

Marselino alikwenda kujiandikisha siku ya kwanza. Alivaa shati la Jumapili. Kiongozi wetu alikuwa Mageni, mwenye ng'ombe wengi na sauti ndogo isiyolingana na mwili wake.

"Mwangaluka, Kocha," Mageni alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," akaitikia mume wangu. Salamu alizijua zote.

"Wewe kapumzike nyumbani. Hii ni shida yetu wenyeji. Wewe mgeni wetu, leo upo, kesho umerudi kwenu, kwa nini ufe kwa ng'ombe za watu?"

Akarudishwa, na filimbi yake ya mazoezi ikachukuliwa, maana filimbi sasa zilikuwa za Sungusungu tu. Tangu siku hiyo alifundisha kwa kupiga makofi. Aliporudi nyumbani alilivua lile shati, akalikunja taratibu, akaniambia, "Wamenihurumia." Nikamwambia hiyo ni bahati, wenzako wanalala porini.

Mechi ya mwisho ilikuwa mwezi wa nane, hapa hapa Nyahanga, na timu ya Shinyanga mjini. Tukishinda tunapanda. Sare ingewapandisha wao. Wiki ile Marselino alikwenda kwa Mageni na ombi. Alijua mwano ungeweza kupigwa wakati wowote, na wachezaji wake wote walikuwa Sungusungu. Akaomba siku ile waachwe wacheze mpaka refa amalize. Mageni alishauriana na wenzake, wakakubali. Refa akaruhusiwa filimbi, watu wakatangaziwa kwamba filimbi ya uwanjani si ya hatari. Wachezaji wakaachiliwa kwa majina, na wale wa akiba. Marselino hakujiombea mwenyewe. Angejiombeaje ruhusa ya kutokwenda mahali alikokwisha kufukuzwa?

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Bwana Stanslaus aliketi kwenye kiti cha ofisini, na miwani ya jua. Mimi nilikuwa pembeni na ndoo ya maji, na niliomba rozari huku naangalia ile nyumba yangu ikirudi na kwenda, kila mpira ulipovuka mstari wa kati. Kamili alifunga kwa kichwa kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili watu wa mjini walitubana mpaka nikaacha rozari nikabaki kutukana kimoyomoyo.

Ndipo ikaja sauti kutoka magharibi. Ilikuwa ya mwanamke, ndefu. Ikapokelewa na nyingine karibu zaidi, na nyingine. Mwano.

Sijawahi kuona watu wanaondoka vile. Uwanja ule uliojaa ulimwagika wote upande mmoja, wanaume wanachomoa pinde kwenye majani walikozificha, baiskeli zinagongana. Otmar, golikipa wetu, alikwisha kuliacha goli. Mageni alipita akikimbia, akageuka, akapiga kelele kwa ile sauti yake ndogo, "Nyie chezeni! Tumewaruhusu, chezeni!" Otmar akarudi golini. Hata Januari, msaidizi wa Marselino, alitupa kitambaa chake chini akaondoka nao, maana yeye hakuwa mchezaji.

Marselino alisimama. Akaweka mguu mmoja mbele, upande ule ule wa magharibi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina. Nikamshika mkono.

"Baba Gregory, we si wa mwano. Walikurudisha wenyewe. Mechi iko hapa."

Ilikuwa kweli, na leo ningeisema tena. Alinitazama, akautazama uwanja, akaketi. Akaanza kupiga makofi kuwapanga mabeki. Sauti ya makofi yale ilisikika uwanja mzima, kwa jinsi palivyokuwa kimya.

Tulishinda moja kwa bila, tukashangiliwa na watoto na mbwa. Bwana Stanslaus alimshika mkono mume wangu akasema, "Nyumba ni yako, Kocha, mimi si mtu wa maneno mawili." Nililia. Nilirudi mbio nikadeki sakafu ambayo nilikuwa nimeideki asubuhi.

Jioni wanaume walirudi bila ng'ombe. Wezi walikuwa wengi na wetu walifika wachache wachache. Eustace, jirani yetu mlango wa pili, aliletwa juu ya machela ya matawi, mshale umeingia pajani. Alipona, ila hakuwahi tena kutembea sawasawa.

Wakaitisha mkutano, pale pale uwanjani, wanaume wameketi kati ya magoli mawili na sisi wanawake tumesimama nyuma ya mstari. Waliwataja wasiofika. Wawili walikuwa wagonjwa. Kisha mmoja akasema, "Na Kocha."

"Kocha ni mgeni," Mageni akasema haraka. "Tulimwacha sisi."

"Mgeni gani?" Huyo alikuwa baba yake Eustace. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka kama sisi sote. "Ana mke wa kwetu. Ana watoto kwenye shule yetu. Amekula mavuno ya hapa miaka kumi na minne. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe tulimnyima sisi, au alilikataa yeye? Mwanangu alipigwa mshale, Kocha anapiga makofi."

Wakabishana, wengine hivi, wengine vile. Mwisho Mageni akanyoosha mkono wakanyamaza. Alimwita Marselino mbele, na niliona wazi kwamba alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea.

"Kocha, nitakuuliza neno moja, na jibu lako litamaliza kesi. Wewe hapa ni mgeni au mwenyeji? Kama ni mgeni, huna kosa, rudi nyumbani kwako tukupongeze kwa ushindi."

Lilikuwa neno dogo tu. Mgeni. Alikwisha kuitwa hivyo mara ngapi? Alipungukiwa nini kulisema mwenyewe mara moja? Nyumba ilikuwa imelala mdomoni mwake. Nilimkazia macho mpaka yakauma.

Marselino alikuwa amesimama kwenye duara la katikati, uzito wote kwenye mguu mzima.

"Mwenyeji," alisema.

"Kocha," Mageni akasema, karibu kwa kumsihi, "labda nimeuliza vibaya. Fikiri."

"Nimefikiri tangu mwaka wa sitini na tisa. Mimi ni wa hapa."

"Basi ulisikia mwano."

"Nilisikia."

"Hukuja."

"Sikuja."

Mageni alitazama chini. Hukumu ikasomwa: ametengwa, yeye na nyumba yake, mpaka mavuno yajayo. Atakayemsemesha atatengwa naye. Ndivyo walivyomhesabu mume wangu kuwa mtu wa Nyahanga, na saa ile ile wakamfungia mlango.

Sikumsemesha siku kadhaa, na mimi sikuwa natekeleza hukumu ya mtu. Mimi ndiye niliyezaliwa pale. Dada yangu Coletha, tuliyenyonya ziwa moja, alinipita kisimani macho yameganda mbele. Watoto walirudi shuleni wanauliza kwa nini hawachezi na mtu. Nilipofungua mdomo hatimaye nilimwambia, "Ulikuwa na neno moja la kusema."

"Nilikuwa nalo," alisema. "Lakini ningelisema, Salvina, ningerudi wapi? Mueda hakuna anayenijua. Huku ningekuwa nimejitoa mwenyewe. Mtu lazima akosee mahali fulani. Mimi nilitaka kosa langu liwe la hapa."

Nikamwambia maneno hayo hayaezeki paa.

Alikwenda mazoezini kama kawaida. Alipiga makofi, alionyesha kwa mikono, na wachezaji wake walipita kando yake kama maji yanavyopita jiwe. Kamili, aliyemfuata Nyarugusu, alilia huku anakimbia, lakini naye ana mama na wadogo zake, hakuthubutu. Bwana Stanslaus alivumilia karibu mwezi. Kisha alikuja barazani, na safari hii kiti alikipokea.

"Mimi si wa mambo yenu ya pinde," alisema. "Lakini kocha asiyesemeshwa na timu si kocha. Nitampa Januari."

Na nyumba ilikuwa ya kocha. Tulihamia kwenye kibanda cha marehemu baba, nyuma ya mashamba ya mtama, udongo juu na udongo chini. Hakuna aliyetusaidia kubeba hata chungu. Tulifanya safari nyingi, yeye na goti lake, na kila tulipopita uwanjani wachezaji walisimamisha mpira mpaka tumepita. Hawakusema kitu. Sheria ilikataza kusema tu.

Mavuno yalikuja kama yanavyokuja, hata kwa waliotengwa. Siku ya kufunguliwa Mageni alikuja na wazee na mtungi wa pombe, wakasimama uani.

"Mwangaluka, Salvina," alinisalimu.

Mimi sikuitikia. Niliendelea kupepeta. Marselino ndiye aliyeitikia, kwa ile lafudhi yake ya Kimakonde isiyotoka, akawapa vigoda, akanywa nao. Walicheka mpaka jua likashuka. Nilisikiliza sana kutoka jikoni, na hakuna aliyemuuliza atarudi lini.

Haikupita muda mwano ukapigwa, asubuhi moja tukiwa shambani. Marselino alitupa jembe. Hakuwa na upinde, akaingia kibandani akachukua ule wa marehemu baba uliokuwa darini unaliwa na mchwa, na shati alilovaa lilikuwa jezi yake ya zamani ya winga, niliyokuwa nimeigeuza ya kulimia. Akakimbia. Sitaki kuita mbio. Alikuwa anauvuta mguu wa kulia kama gogo, na vijana walimpita kwenye majaruba ya mpunga, na kila aliyempita alisema, "Twende, Kocha." Nilisimama na jembe langu nikamtazama mpaka mtama ukamficha, kama nilivyosimama zamani na ndoo kichwani.

Alirudi kesho yake, matope mpaka kiunoni. Safari hii ng'ombe walikuwa wamepatikana. Aliketi mkekani asubuhi kweupe, akalala kabla hajamaliza uji, viatu miguuni, mdomo wazi. Tangu nimeolewa naye sikuwahi kumwona analala usingizi wa namna ile.

Ile nyumba bado naipita nikienda mnadani. Mke wa Januari amepaka mlango rangi ya kijani, na sakafu yangu haideki inavyotakiwa. Sijasamehe yote, na simwambii mtu kwamba nimesamehe. Lakini asubuhi ile nilimvua jezi polepole asiamke, nikachuma majani ya mpapai, nikaketi uani nikaifua, ile moja tu.